Mama Subiri Kwenye Benchi la Wageni

Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu alikaa nyuma ya kioo cha mapokezi ya hospitali. Kioo kile kilikuwa na tundu la duara, kubwa kiasi cha kupitisha sauti ya mgonjwa na dogo kiasi cha kuzuia hasira yake. Kazi ya mama ilikuwa kuuliza jina, umri, unakoishi na umekuja kwa nini, kisha kusema neno moja. Neno hilo alilisema kwa upole, bila kuinua macho, na kwa jinsi alivyolisema mara nyingi likamganda kama jina la ubatizo. Mji mzima ulimwita Mama Subiri.

Usije ukadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwadilifu kupita kiasi. Hakuwahi kumpitisha mtu mlango wa nyuma, hata dada yake wa tumbo moja, aliyekuja siku moja na jino linampwita, akasubiri nyuma ya watu kumi na tisa. Dada mtu hakumsemesha kwa miezi minne. Mama Subiri alisikitika, lakini foleni ni foleni.

Alipostaafu, mchungaji wetu, ambaye ana jicho la kuona vipawa, akamwona.

"Mama," alimwambia, "wewe umepokea watu maisha yako yote. Kanisa linakuhitaji."

Akafanywa mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea Wageni. Mimi niko kwaya, sauti ya nne, na pale tunapoketi mlango wa kanisa unaonekana wote. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe baadaye bila kujipendelea.

Kabla yake, mgeni alikuwa akiingia na kukaa popote, jambo ambalo Mama Subiri aliliita vurugu. Haukupita mwezi, mlangoni pakawa na meza, daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaokoka ikahama. Mgeni alivalishwa beji nyekundu iliyoandikwa MGENI, akapelekwa kwenye benchi la wageni kando ya ukuta, mahali ambapo mkutano wote ungeweza kumtazama vizuri. Baada ya matangazo alisimama akasema jina lake, anakotoka, kanisa lake na sababu ya kuja. Kuna bwana mmoja alisema sababu ya kuja ni kusali. Mama Subiri akamwomba afafanue.

Mwisho wa mwaka ripoti ya kamati ilisomwa mbele ya kanisa na katibu wake, mwalimu mstaafu tuliyemwita Mwalimu Muhtasari, kwa sababu hakuweza hata kukusalimia bila kuandika saa. Alisoma kwa sauti ya kengele: wageni waliopokelewa, mia moja na kumi na wanne, waliorudi, wawili, na mmoja kati yao alikuwa amesahau mwavuli. Kanisa likapiga makofi.

Mama Subiri alikwenda nyumbani na nakala ya ripoti akamwonyesha mumewe. Mume wake ni fundi redio, mtu ambaye maneno yake ungeweza kuyafunga kwenye kona ya leso. Meza yake ya kazi iko dirishani pa sebule, imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Akaisoma ripoti yote, mkono mmoja ukiwa bado umeshika bisibisi.

"Hao wengine mia na kumi na wawili wako wapi?"

"Walipokelewa."

"Nimeona. Nauliza, wako wapi?"

"Baba watoto, wewe hujui mambo ya utawala," alisema Mama Subiri, akaikunja ripoti yake.

Mwaka uliofuata mchungaji akautangaza kuwa Mwaka wa Safari ya Imani na Kupokea Wageni. Alihubiri Jumapili tatu mfululizo. Alisema sisi sote hapa duniani ni wapita njia, hakuna mwenye hatimiliki. Alitukumbusha yule mzee wa zamani aliyeambiwa ondoka kwenu, akaondoka bila kuuliza anakwenda wapi. Na mzee huyohuyo, jua la utosini, alipoona watu watatu wanapita, alitoka mlangoni akiwakimbilia.

"Aliwakimbilia!" mchungaji alirudia, akipiga mimbari. "Hakuwauliza wana barua ya utambulisho!"

Sisi wa kwaya tulitazamana. Mama Subiri hakusikia. Alikuwa mlangoni anahesabu beji.

Ili mahubiri yaote miguu, ikaamuliwa twende safari ya imani, kwa miguu kweli, mpaka kanisa dada lililoko mji wa pili, kilometa ishirini na tisa. Tungeondoka Jumamosi alfajiri, tukifika tupokewe, tuhudhurie semina ya kupokea wageni, tulale majumbani mwa waumini wa kule, Jumapili tusali pamoja na kurudi kwa basi. Imani ya kwenda ilikuwepo. Ya kurudi kwa miguu hakuna aliyejigamba kuwa nayo.

Orodha ya wasafiri aliiandaa Mama Subiri. Ilikuwa orodha ya kutamanisha: majina hamsini na mawili, na mbele ya kila jina umri, ugonjwa, chakula asichokula, na kama anakoroma. Nakala moja alimpa Mwalimu Muhtasari, nyingine ikatangulizwa kwa wenyeji. Wanasema kinyozi hajinyoi. Katika kuwaandika watu wote hamsini na wawili, yule wa hamsini na tatu, mwenye kalamu, alijisahau. Na nani angemkumbusha? Kukagua orodha ilikuwa kazi yake.

Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri tukiimba. Kilometa ya tano nyimbo zikaanza kupungua beti. Kilometa ya kumi na mbili imani ilikuwa bado ipo, ila magoti yalikuwa yameanza kuikana. Mizigo yetu yote ilitangulia kwenye gari, pamoja na mkoba wa Mama Subiri wenye simu, miwani na pipi za koo. Yeye alitembea pembeni ya msafara akituhimiza tukae mstari mmoja. Alikuwa amevaa viatu vipya, vyeusi, vya ngozi ngumu, alivyonunua kwa heshima ya safari.

Kilometa ya kumi na saba tukapumzika kwenye shule ya msingi, tukanywa maji ya bomba. Mama Subiri alikwenda nyuma ya madarasa, chooni, na huko akavua kiatu akakuta kisigino kimechubuka. Akachana kitambaa cha leso akajifunga taratibu, kama alivyowaona wauguzi wakifanya kwa miaka yote ile. Huku mbele Mwalimu Muhtasari akafungua orodha akaita majina. Mimi mwenyewe niliitika "Nipo!" kwa sauti ya nne kamili. Majina hamsini na mawili, watu hamsini na wawili.

"Tumetimia," alisema Mwalimu, akaandika saa. Tukaondoka.

Mama Subiri alipotoka alikuta uwanja mtupu na bomba linalodondoka. Alidhani tumekata kona tu. Akakata kona, akakata na ya pili. Alinieleza kwamba kilometa nne za kwanza alizitembea kwa hasira, akitunga barua kali kwa kamati, mpaka akakumbuka kwamba barua za kamati hupokelewa na yeye. Kilometa zilizofuata hasira ikaisha, kikabaki kisigino. Aliuliza njia kwa mtu wa baiskeli, akauliza tena kwa mwanamke aliyekuwa anaanika nguo, na wote wawili walimjibu bila kumwambia asubiri, jambo ambalo alilitambua siku nyingi baadaye. Karibu na mji aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba: "Bwana, nifikishe, hata niwe wa mwisho."

Alifika saa nane na nusu mchana. Lile kanisa lilikuwa zuri, jipya, geti limepakwa rangi ya maziwa, na juu yake kitambaa kirefu kilichoandikwa KARIBUNI WASAFIRI WA IMANI. Chini ya kitambaa palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na nyuma ya meza mama mmoja mnene, nadhifu, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Bwana asifiwe, mama," alisema Mama Subiri. "Mimi ni wa ule msafara."

"Amina. Karibu sana, jisikie nyumbani," alijibu yule mama bila kuinua macho. "Jina?"

Akalitaja. Kidole kikateremka kwenye orodha, kikapanda, kikateremka tena.

"Halimo."

"Haiwezekani. Hiyo orodha niliiandika mimi."

"Kama ungeiandika wewe, jina lako lingekuwemo."

Kwa hilo Mama Subiri mwenyewe angesema vilevile. Akajaribu upande mwingine. "Basi niitie mchungaji wangu. Au Mwalimu, yule mrefu mwenye daftari."

"Wako ndani kwenye semina ya kupokea wageni. Mlango umefungwa, haruhusiwi mtu kuingia wala kutoka mpaka saa kumi na mbili. Una barua ya utambulisho?"

"Barua ziko kwenye mkoba. Mkoba uko kwenye gari."

"Na gari?"

"Mmelipokea nyie."

"Gari limo kwenye orodha," alisema yule mama, kwa haki kabisa. Ndipo akainua macho kidogo, si mpaka usoni, mpaka usawa wa shingo, akaonyesha kwa kalamu. "Kaa pale kwenye benchi la wageni. Subiri."

Mama Subiri akaenda akakaa. Benchi lilikuwa la mbao tatu, ya katikati imepinda juu kidogo, kiasi kwamba ukikaa hivi inakuuma huku, na ukikaa vile inakuuma kule. Kupitia madirisha ya juu aliwasikia watu wanacheka ndani, na sauti ya mtoa semina ikiuliza, "Je, mgeni ni nani?" Makundi yakapewa dakika ishirini yajadili. Mimi nilikuwa kundi la nne. Hatukufikia mwafaka.

Alikaa pale saa nzima na zaidi. Aliniambia kwamba alikuja kumkumbuka mtu mmoja aliyekuwa amemsahau kwa miaka mingi. Bwana mwembamba, koti la mvua mkononi, aliyefika kwenye kioo saa moja asubuhi kuuliza mkewe aliyelazwa usiku yuko wadi gani. Daftari la wadi lilikuwa bado halijashuka, kwa hiyo alimwambia asubiri. Saa nne akarudi kuuliza, akaambiwa asubiri. Saa nane akaja akasimama tu mbele ya tundu bila kusema neno, naye hakuinua macho, kwa sababu asiyesema hana shida. Saa kumi muuguzi mmoja alipita akamkuta: mkewe alikuwa amejifungua tangu alfajiri, mlango wa pili kutoka pale alipokaa. Ukuta mmoja. Bwana yule alipokuwa anaondoka alipita kwenye kioo akainama kwenye tundu akasema, "Asante, mama." Wala hakuwa anamkejeli. Na Mama Subiri akamjibu, "Mwingine."

"Ningesimama tu nimfungulie," aliniambia. "Hatua sita. Nilizihesabu nikiwa palepale kwenye benchi. Hatua sita."

Mvua ikaanza. Haikubisha hodi, ilimwagika tu. Yule mama wa getini akakusanya kitambaa, daftari na kalamu, akaibeba meza yake kwa ushujaa mpaka barazani.

"Mama, wewe subiri hapohapo," alipaza sauti. "Ila usinyeshewe!"

Mama Subiri akasimama, akatazama huku na huku, akatoka getini. Hakujua anakwenda wapi. Alijua tu kwamba hawezi kulikalia lile benchi dakika moja zaidi.

Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ndogo, na vyombo vya watu vinashushwa mvuani. Baba mmoja mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi alikuwa amejitwisha meza. Mkewe anavuta magodoro. Dereva anapiga honi kwamba ana safari nyingine. Na katikati ya njia ya waenda kwa miguu, kwenye kiti cha sofa cha kijani, alikaa bibi kizee aliyejifunika beseni la plastiki kichwani, akitoa amri kama jemadari.

"Wewe mwanangu!" bibi alimwita Mama Subiri. "Unatazama nini, godoro linakunywa maji! Shika upande huo!"

Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwamrisha Mama Subiri bila kwanza kujitambulisha. Akashika upande huo. Akaingiza godoro, akarudi akaingiza la pili, akabeba sufuria, akabeba makopo ya rangi, kwani yule baba alikuwa fundi mpaka rangi, akasaidiana na yule mke kulipitisha kabati mlangoni, kwanza kwa ubavu, kisha kwa mgongo, kisha kwa matusi madogomadogo ya yule mume. Mwisho wakamwingiza bibi pamoja na kiti chake. Lori likaondoka. Wote wakasimama katikati ya chumba wamelowa chapachapa, wakaangua kicheko.

Vikombe vilikuwa kwenye boksi, na boksi hakuna aliyejua liko wapi. Chai ilikuwa kwenye chupa, wakainywa kwa zamu kwa kutumia kifuniko chake. Zamu ya kwanza alipewa Mama Subiri. Bibi akamtazama miguu.

"Una damu. Vua viatu."

"Si kitu, mama. Nitajiosha mwenyewe."

"Nimekuuliza kama unaweza?"

Beseni likatoka kichwani pa bibi likashuka sakafuni, maji ya moto yakaongezwa ya baridi. Bibi akainama kwenye kiti chake, akamfungua kile kitambaa na kumwosha kisigino kwa vidole vilivyopinda, akimkaripia kwa kununua viatu vya maonyesho. Mama Subiri alitazama ukutani ili asilie. Kulikuwa hakuna cha kutazama, hata msumari.

Muda ukapita. Walifungua maboksi, wakapanga, wakala mkate. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ikaanza kumwasha. Mtu aliyeuliza watu maswali manne kwa miaka thelathini na mmoja hawezi kukaa saa mbili bila kuulizwa hata moja.

"Jamani," alisema hatimaye, "hamtaki kujua mimi ni nani?"

Mke wa mpaka rangi akashangaa. "Si jirani? Tulikuona umetoka getini pale. Mwenzangu akaniambia, aisee, mtaa huu una watu! Hatujashusha hata kijiko, mtu ameshakuja kutusaidia."

"Mimi si jirani. Mimi ni mgeni hapa. Nimefika leo mchana."

"Ati?"

"Na nilidhani nyinyi ndio wenyeji mmenipokea."

"Sisi? Sisi ndio kwanza tunafika! Hatujui hata duka liko wapi!"

Aliyeanza kucheka ni bibi, na meno yake machache. "Basi hapa hakuna mwenyeji hata mmoja," alisema. "Niongezeeni chai."

Usiku ule Mama Subiri alilala juu ya godoro alilolibeba mwenyewe, kati ya kabati na makopo ya rangi, usingizi wa pono.

Sisi je? Sisi tulitoka kwenye semina saa kumi na mbili tukiwa na vyeti. Wakati wa chakula mchungaji aliuliza, "Mwenyekiti yuko wapi?" Mwalimu Muhtasari akafungua orodha, akasema hayumo, maana yake hakusafiri. "Lakini nilimwona njiani," nilisema mimi. Mwalimu akanitazama kwa huruma. Katika muhtasari akaandika: Mwenyekiti ametoa udhuru. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa. Nikaona kama imeandikwa, imeandikwa.

Jumapili asubuhi nilimwona akiingia getini kwa kuchechemea, amevaa ndala za mwanaume, amemshika bibi kizee mkono, na nyuma yao mpaka rangi na mkewe. Yule mama wa meza alikuwa ameshatandaza kitambaa.

"Karibuni sana, jisikieni nyumbani. Wageni wangapi?"

"Sisi si wageni," alisema bibi. "Tunakaa pale ng'ambo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Kalamu ikasita. "Na huyu? Huyu jina lake halimo."

"Huyu ni wetu," alisema bibi, na akapita.

Ibada ikafika wakati wa shukrani. Mchungaji wetu, aliyekuwa bado anajua kwamba mwenyekiti ametoa udhuru, alipomwona alifurahi kama aliyefufukiwa na mtu, akamwita mbele aishukuru kamati ya wenyeji kwa niaba ya wasafiri. Mwalimu Muhtasari alikuwa ameshaandika hotuba. Mama Subiri akaiweka pembeni. Niliuona mdomo wake umebana, nikajua leo ni leo. Na kweli, aliniambia alikwenda mbele amebeba moto. Alikusudia kumtaja yule mama wa getini kwa alama zake zote.

Lakini alipogeuka kuwakabili watu akamwona yule mama amesimama mlangoni, anahesabu beji, hasikilizi.

"Jana nilikalia benchi lenu la wageni," alisema. "Ni gumu. La kwetu ni gumu vilevile. Mimi ndiye niliyelichagua, na nilikuwa sijawahi kulikalia. Kuna watu wengi niliwaambia wasubiri. Wengine wameshakufa, siwezi kuwaomba radhi. Naomba mniombee." Kisha akaongeza, "Na jana nimepokelewa vizuri sana. Nimeoshwa miguu."

Mchungaji mwenyeji, aliyeelewa sentensi ya mwisho peke yake, alisimama akaongoza makofi kwa kamati yake. Yule mama wa meza akainua macho, safari hii mpaka usoni, hajui ameshangiliwa kwa lipi.

Tuliporudi nyumbani Mama Subiri aliitisha kikao cha kamati, akapendekeza mambo matatu: meza iondolewe, beji zitupwe, na kamati ivunjwe, kila muumini awe kamati. Wajumbe walilichukua wazo kwa uzito mkubwa. Waliunda kamati ndogo ya watu saba kuchunguza namna ya kuvunja kamati. Ile kamati ndogo ikaomba daftari lake, muhuri wake na beji za wajumbe wake. Mama Subiri akajiuzulu, na Mwalimu Muhtasari akashika kiti. Beji nyekundu zikabadilishwa kuwa za bluu, rangi yenye upole zaidi.

Yeye akahamia benchi la nyuma kabisa. Mgeni akishamaliza kuandikwa mezani, humkuta pale amesogea kumpa nafasi. Ibada ikiisha humwuliza kama amekula. Asidanganywe mtu kwamba kuokoka na mazoea ya miaka thelathini na mmoja ni kazi ya siku moja. Mara ya kwanza alipompeleka mgeni nyumbani, alimfungulia mlango, akamtazama, ulimi ukateleza wenyewe: "Subiri." Mgeni akasubiri. Alikuwa muuza vichujio vya maji, na alipoingia alieleza habari za vijidudu kwa saa tatu, akavitaja kwa majina.

Alipoondoka, fundi redio akasema, "Huyu ungemwacha palepale mlangoni."

Wa pili alikuwa mama mwenye watoto wawili, aliyekuja mjini kwa ahadi ya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, akakuta aliyemwahidi chumba hapokei simu. Siku ya kwanza fundi redio aliinamia redio zake. Ya pili aliguna. Ya tatu, akidhani wamelala, alimwambia mkewe jikoni maneno ya wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka akasema, "Baba, jembe lenyewe liko wapi?" Kulipokucha akalichukua, akalima uwanja wa nyuma, ambao kwa miaka sita ulikuwa unaota vyuma vya redio peke yake. Fundi redio hakujua aweke wapi uso; mchana kutwa aliwatengenezea wale watoto kigari chenye taa. Baada ya wiki mbili yule mama alipata chumba karibu na kiwanda, akahama.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja, mchana, nilikuwa sebuleni kwao nimepeleka redio ya kwaya, simu ikalia mezani. Mama Subiri alikuwa anaoga. Fundi redio akaipokea, akasikiliza kwa muda mrefu, macho yake yapo kwenye waya aliokuwa anauchomelea.

"Aje," alisema. Akasikiliza tena. "Nimesema aje. Atapajua tu, aulize kwa fundi redio."

"Nani huyo?" Mama Subiri alipaza sauti kutoka bafuni.

"Yule mama wa sabuni. Kuna mwenzake kazini hana pa kulala."

"Mwanamke au mwanaume? Anatoka wapi? Ana watoto?"

"Sijauliza," alisema fundi redio, akanisogezea kwa kiwiko rundo la vyuma lililokuwa kwenye kiti. "Hebu nisaidie, shika upande huo, tupate mahali pa kumkalisha."